Roboti kwa saratani ya kizazi: kwa nini kwenye mfuko inakubalika na kwenye mlango inakataliwa?

#1 Mwanakwetu wa Pangani
Wakuu, salaam. Naomba kueleweshwa, tena kwa lugha ya mtu aliyeikimbia baiolojia kidato cha pili.

Dada yangu, miaka 44, majibu ya kinyama alichokatwa kwa kupimwa yametoka: saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya IB2. MRI inasema uvimbe una sentimita 2.8 na haujatoka nje ya mlango. Bingwa aliyemwona hapa Dar kasema bado inapasulika, ila "tunafungua tumbo, matundu na roboti sipendekezi". Huku pembeni kuna wakala wa kupeleka wagonjwa India katuma makadirio WhatsApp: upasuaji wa roboti, vitundu vinne, siku mbili wodini, halafu mtu anatembea zake. Bei inakaribia mara mbili ya kufungua, lakini familia imeshaanza kuchanga kwa sababu ile video aliyotuma inavutia kweli.

Kinachonichanganya ni kwamba mama wa mwenzangu kazini alifanyiwa na roboti hukohuko India, saratani ya mfuko wa uzazi, na leo mzima anauza maandazi yake. Mfuko na mlango si kitu kimoja? Daktari wetu kapitwa na wakati, au wakala anafanya biashara?

#2 Kigoda
Pole sana mkuu, Mungu amponye dada. Naweka kambi hapa nisubiri wajuvi.

#3 Jemedari wa Bunju
Hapo mbona jibu liko wazi. Mtu hana roboti, unategemea akwambie roboti ni nzuri? Sizitaki mbichi hizi. Wenzetu walishahama huko kwenye kuchana tumbo kama wanachuna mbuzi. Pelekeni mgonjwa mapema, ubishi mtaufanya akisharudi.

#4 DaktariMchanga
Mwanakwetu, pole. Niko masomoni, ubingwa wa magonjwa ya wanawake, kwa hiyo nichukulie kama mwanafunzi anayesoma kwa sauti.

@Jemedari, alichosema huyo bingwa hata Houston utaambiwa. Na waliotoa ushahidi wenyewe ni wapasuaji wa matundu, wale wanaopitisha kamera na vyuma kwenye vitundu vidogo vya tumbo, walioanza utafiti wakitegemea kuonyesha kwamba matundu hayana tofauti na kufungua.

Utafiti unaitwa LACC, ukiongozwa na Pedro Ramirez aliyekuwa MD Anderson, hospitali ya saratani ya hukohuko Houston. Wanawake 631 wenye saratani changa ya mlango wa kizazi, vituo 33 duniani, wakagawanywa kwa kura: 312 wafunguliwe tumbo, 319 wafanyiwe kwa matundu au roboti. Walipanga kufika 740. Kamati ya usalama ikausimamisha kabla, maana kundi la matundu lilikuwa linapoteza watu. Miaka 4.5 baada ya upasuaji, waliofunguliwa tumbo asilimia 96.5 walikuwa hai bila saratani kurudi. Wa matundu asilimia 86. Ukiangalia uhai wenyewe kwa miaka mitatu ni asilimia 99 kwa 93.8. Ilichapishwa kwenye jarida la kitabibu mwishoni mwa 2018 na miongozo mikubwa ikabadilika baada ya hapo.

Mfuko wa uzazi una tafiti zake na majibu yake ni tofauti kabisa. Nitarudi, naitwa wodini.

#5 Akinyi wa Eldoret
@DaktariMchanga asante, lakini hapo umeruka kitu. Kwenye hilo kundi la "matundu au roboti", waliofanyiwa kwa roboti walikuwa kama asilimia 15 tu. Waliobaki walifanyiwa kwa vile vyuma virefu vya kawaida. Swali la Mwanakwetu ni roboti. Huwezi kumhukumu mpangaji kwa makosa ya mwenye nyumba.

#6 Jemedari wa Bunju
Ahaa! Si mnaona. Roboti kabambikiwa kesi.

#7 DaktariMchanga
Nimerudi. Akinyi yuko sahihi kwa LACC: asilimia 15.6. Ila jarida lilelile, toleo lilelile, lilikuwa na utafiti wa pili kutoka kwenye kumbukumbu za saratani za Marekani. Wanawake 2,461, nusu yao wa matundu, na hao wa matundu karibu asilimia 80 walifanyiwa kwa roboti. Uwezekano wa kufa ndani ya miaka minne ulikuwa asilimia 9.1 kwao, na 5.3 kwa waliofunguliwa. Hawakupigiwa kura, kwa hiyo una udhaifu wake, lakini kusema roboti kabambikiwa hapana.

Februari 2019 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, nayo ikatoa tahadhari kwamba usalama na ubora wa roboti kwenye kutibu saratani za wanawake, titi na mlango wa kizazi zikiwemo, haujathibitishwa.

#8 Fundi Umeme
Samahani, wa nje ya mada. Umeme ukikatika roboti ikiwa ndani ya tumbo inakuwaje? Nauliza kwa niaba ya Tanzania.

#9 NesiUghaibuni
@Fundi Umeme 😂 ina betri ya akiba ya dakika chache, hospitali ina jenereta, na ikishindikana kabisa vyombo vinatolewa kwa mkono tunaendelea kwa kufungua. Tunalifanyia mazoezi hilo.

Nipo Sweden, chumba cha upasuaji, upande wa wanawake. Niwatoe watu kwenye picha ya sinema maana naona wengine wanadhani mashine inapasua yenyewe. Haikati hata uzi bila daktari. Daktari anavua viatu ili azisikie pedali, anakaa kona ya chumba, paji la uso kaliegemeza kwenye kitazamio, vidole viwili viwili kwenye vishikio. Anachokiona mle ni tumbo kwa kina, limekuzwa hadi mara kumi. Mikono minne ya mashine, imevalishwa plastiki, iko juu ya mgonjwa. Sisi tuliosimama pale ndio tunaochomoa mkasi na kuchomeka kishikio, na tunafuta lenzi ikipata ukungu. Mgonjwa mwenyewe kalazwa kichwa chini miguu juu, tumbo limejazwa gesi ya kabonidioksaidi. Akitoka hapo baada ya saa nne uso umemvimba. Mwenye presha ya macho lazima aseme mapema, kwa sababu mlalo ule unaipandisha.

Ile mashine huyumbishi mkono, na chombo kinajikunja ndani kama kifundo cha mkono. Lakini da Vinci, ndilo jina la roboti yenyewe, kwa miaka yote hiyo hazikuwa zinampa daktari hisia ya kugusa. Hasikii nyama ngumu wala laini, anakisia kwa macho. Toleo la 2024 ndilo lililoanza kurudisha hisia hiyo.

Sasa hoja yangu. Huku kwetu roboti ndiyo ilikuwa kawaida. Mwaka 2019 walichapisha takwimu za nchi nzima, wanawake 864 wa saratani changa ya mlango wa kizazi. Waliokuwa hai baada ya miaka mitano: waliofunguliwa asilimia 92, wa roboti asilimia 94. Hiyo nayo mtaieleza vipi?

#10 Jemedari wa Bunju
Nesi nakupenda bure.

#11 Mzee Kipara
Jemedari, uzi wa wagonjwa huu, zile fujo za inbox ziache.

Mimi ninachojiuliza, chombo kinachokuza mara kumi na hakitetemeki kinawezaje kuleta matokeo mabaya kuliko mikono ya mtu? Kuna kitu kinafanyika mle.

#12 DaktariMchanga
@Mzee Kipara, hilo ndilo linalogombanisha watu mpaka leo. Mshukiwa wa kwanza ni kile chuma cha kuchezeshea kizazi. Kwenye matundu na roboti huwezi kuingiza mkono ukauinua mfuko, kwa hiyo mtu anapitisha chuma ukeni, kinapenya katikati ya mlango wa kizazi mpaka ndani ya mfuko, halafu anausukuma kushoto kulia. Sasa fikiria uvimbe uko hapohapo mlangoni. Chuma kinapita katikati yake, kinaukwangua na kuuminya.

Wazungu walifanya utafiti Ulaya nzima, SUCCOR, wanawake 693 waliopasuliwa 2013 na 2014. Waliofanyiwa kwa matundu na chuma hicho kikatumika, saratani kurudi ilikuwa karibu mara tatu ya waliofunguliwa. Walikofanyiwa bila chuma, tofauti haikuonekana wazi. Na pale daktari alipoushona uke juu kwanza ukafunika uvimbe kama kifuko kabla ya kukata, matokeo yalikuwa sawa na ya kufungua.

#13 NesiUghaibuni
Nakazia hapo. Huku wengi hawakitumii kwa saratani ya mlango.

#14 Dawa ya Moto
Chuma ni sehemu tu. Mnaisahau gesi. Mle ndani kuna kabonidioksaidi inayopulizwa kwa presha saa nzima nzima. Ukikata uke kutokea ndani, uvimbe unaachwa wazi kwenye tumbo lenye upepo, na mgonjwa kichwa chini. Chembe zinakwenda wapi? Juu kwenye utumbo. Ndiyo maana waliorudiwa wengine wanarudiwa tumboni, mahali ambapo saratani ya mlango haina kawaida ya kwenda.

#15 Akinyi wa Eldoret
@Dawa ya Moto, kama shida ni gesi, mbona saratani ya mfuko inapulizwa gesi ileile na haisambai?

#16 Dawa ya Moto
Kwa sababu saratani ya mfuko imefungiwa ndani ya ukuta mnene wa misuli. Mfuko unatolewa mzima kupitia ukeni bila kuchanwa, uvimbe hauoni hewa. Wa mlango uko nje, unatazama ukeni. Mwanakwetu aliuliza si kiungo kimoja? Ni kimoja, ila mmoja kalala chumbani mwenzie yuko barazani.

#17 Mwanakwetu wa Pangani
Hapa angalau nimeanza kuelewa. Asanteni. Niendelee kusoma.

#18 BintiMalindi
Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, asili Unguja. Mama mkubwa wangu alikutwa na saratani ya mfuko wa uzazi, alianza kutoka damu na hedhi ilishakoma zamani. (Wanawake, damu baada ya kukoma hedhi si ya kunyamaziwa wala kusingiziwa joto.) Mama mkubwa ni mtu mzito, kilo 118, na sukari juu. Hospitali ya kwanza ilisita, ikahofia kidonda cha tumbo kisije kikaoza. Akafanyiwa kwa roboti, na mtoki mmojammoja, zile tezi za nyonga ambako saratani huweza kufika, ukatafutwa kwa dawa ya kijani. Wallahi siku ya pili asubuhi alikuwa anagombana na wauguzi kuhusu chai. Sasa jamani msiitukane roboti mbele yangu.

#19 DaktariMchanga
Mama mkubwa ndiye hasa mtu ambaye roboti ilimfaa. Unene ni sababu kubwa ya saratani ya mfuko wa uzazi, kwa hiyo wagonjwa wake wengi ni watu wazito, na kwa mtu mzito kidonda kirefu cha tumbo ni balaa.

Kwa mfuko, ushahidi wa matundu ni mzuri. Marekani walifanya LAP2, wanawake 2,616, saratani kurudi ndani ya miaka mitatu asilimia 11.4 kwa matundu na 10.2 kwa kufungua, yaani karibu sawa. Ila zaidi ya robo ya walioanza kwa matundu ilibidi wafunguliwe katikati ya safari, na unene ulichangia. Australia, New Zealand na Hong Kong wakafanya LACE, wanawake 760: waliokuwa hai bila saratani baada ya miaka 4.5 ni asilimia 81.3 kwa kufungua na 81.6 kwa matundu. Hizo zote ni za matundu ya kawaida. Roboti imeingia kwa njia hiyo, na kinachoipa sifa ni kwamba kwa watu wazito haikwami kirahisi.

Ile dawa ya kijani ni indosayanini. Inadungwa mlangoni, inafuata njia za mitoki, kamera ya roboti inaiona inawaka. Badala ya kung'oa mitoki yote ya nyonga na kumwachia mtu miguu iliyovimba maisha yake yote, unatoa ile ya kwanza kupokea. Utafiti wa FIRES uliipa asilimia 97.2 ya kutokukosa saratani iliyofika mitokini.

#20 Jemedari wa Bunju
Kwa hiyo roboti ni nzuri. Nilisema.

#21 Mzee Kipara
Ulisema mgonjwa wa MLANGO apelekwe. Soma tena #3.

#22 Jemedari wa Bunju
Nilizungumzia teknolojia kwa ujumla wake.

#23 Kamau wa Ruiru
Wadau mbona mnahangaika na India, roboti ya saratani iko hapa Kenyatta University. Ilizinduliwa na serikali kabisa.

#24 Akinyi wa Eldoret
Kamau, hiyo ni CyberKnife. Ni mashine ya mionzi iliyofungwa kwenye mkono wa roboti, inapiga uvimbe kutoka kila upande. Haipasui wala haina kisu, hata kama jina lake lina kisu. Usimtume mtu Ruiru na barua ya upasuaji.

#25 Kamau wa Ruiru
Lakini ni roboti.

#26 Akinyi wa Eldoret
Hata ya kufagia ni roboti.

#27 Inzu ya Kigali
Naongezea ya Afrika. Cape Town, Groote Schuur na Tygerberg ambazo ni hospitali za serikali walipata da Vinci 2022. Huku Kigali tuna IRCAD Africa iliyofunguliwa 2023, inafundisha wapasuaji wa bara zima upasuaji wa matundu. IRCAD mama yake yuko Strasbourg, ni ya yule mpasuaji Mfaransa, Marescaux, ambaye Septemba 2001 alikaa New York akamtoa kibofu cha nyongo, kwa roboti, mtu aliyelala Strasbourg, ng'ambo ya Atlantiki.

#28 Fundi Umeme
Kwa bando gani huyo?

#29 Inzu ya Kigali
Alikodishiwa njia ya faiba peke yake, mzee. Si ile yako ya saa moja.

#30 Mhasibu Mkimya
Mimi nisiyejua uvimbe niwaletee hesabu. Da Vinci moja ni kama dola milioni mbili, weka na matengenezo ya kila mwaka. Chombo kinachoingia tumboni kina chipu inayohesabu matumizi. Vingi vilikuwa vinaishia mara kumi, vingine sasa vimeongezwa. Ikifika idadi, mashine inakikataa hata kama kinang'aa. Kwa hiyo kila mgonjwa analipa kipande cha mkasi. Hospitali iliyonunua mashine inahitaji vichwa vya kuilipa, na wakala anakula asilimia kwenye bili. Bili ya roboti ikiwa mara mbili, asilimia yake nayo ni mara mbili. Simtuhumu mtu, napiga hesabu tu.

Wapinzani wanakuja lakini: Hugo, Versius ya Uingereza, Toumai ya Wachina, na India yenyewe ina SSI Mantra. Bei itashuka.

#31 Dawa ya Moto
Hii ndiyo sababu ya tatu ambayo hamkuisema: pesa.

#32 DaktariMchanga
Pesa haifanyi saratani irudi. Sababu ya tatu ni uzoefu. Wapo wanaosema LACC iliingiza madaktari ambao mkono wao wa matundu ulikuwa bado mchanga. Kujiunga, kila mpasuaji aliwasilisha kesi kumi na video mbili. Kumi ni chache kwa upasuaji ule, ambao unatoa kizazi pamoja na nyama za pembeni huku ureta, mrija wa mkojo kutoka figo, unapita katikati. Na wapo wanaosema tatizo ni kundi la kufungua kufanya vizuri kupita kawaida. Asilimia 96.5 haipatikani kila mahali.

#33 NesiUghaibuni
Na Sweden kazi ilikusanywa kwenye vituo vichache. Ukiwa na mkono uleule kila wiki lazima matokeo yawe mazuri. Ndiyo maana Stockholm wakaanzisha utafiti wa RACC wa kupiga kura, roboti dhidi ya kufungua, na Marekani wakaanza wao ROCC. Humo masharti ya kuulinda uvimbe yamewekwa tangu mwanzo.

#34 Dawa ya Moto
Uzoefu hauelezi kwa nini madaktari walewale wa Marekani, waliokwishazoea roboti kwa mfuko, walipata matokeo mabaya kwa mlango. Ni gesi.

#35 NesiUghaibuni
Ni chuma.

#36 Mama Tuma
Naomba kuuliza, mimi nina vimbe za kawaida, fibroidi, niliambiwa zinasagwa ndani na kutolewa kwa tundu. Hii inanihusu?

#37 DaktariMchanga
Inakuhusu kidogo @Mama Tuma. Mwaka 2014 FDA ilionya kuhusu mashine za kusagia kizazi, kwa sababu walikadiria mwanamke mmoja kati ya 350 wanaopasuliwa kwa fibroidi ana saratani iliyojificha, sarkoma, na ukiisaga unaimwaga tumbo zima. Muulize daktari wako kama wanasagia ndani ya kifuko maalumu cha kuzuia chembe zisimwagike, na kama umri wako unaruhusu. Kwa aliyekoma hedhi kusaga hakushauriwi.

#38 Bibi Harusi wa Zamani
Na saratani ya ovari je? Shangazi yangu yuko Minneapolis, kemo tatu zimeshaisha, sasa wanataka kupasua kwa roboti.

#39 DaktariMchanga
Ovari ni mjadala mwingine. Saratani yake hutapakaa tumboni kama ufuta, na lengo ni kutoa kila punje, kwa hiyo kufungua ndiyo msingi. Baada ya kemo, kama imesinyaa sana, wapo wanaojaribu matundu au roboti, na kuna utafiti wa LANCE uliopangwa kujibu hilohilo. Shangazi aulize swali moja: mkiona mmebakiza kitu, mtafungua papo hapo?

#40 Kigoda
Bado nipo kambini. Nimejifunza kuliko semina.

#41 Mwanakwetu wa Pangani
Wakuu nimepitisha hoja zenu kwa wakala. Nimemuuliza: mnatumia chuma cha kuchezeshea kizazi? Uke mnaushona kwanza kabla ya kukata? Mpasuaji ana wagonjwa wangapi wa MLANGO, si wa mfuko, na wangapi wamerudiwa baada ya miaka mitatu? Kanijibu na video nyingine. Nikamwandikia tena, kasema "our doctor is world class, sir".

Kisha nikauliza bei ya kufungua hapohapo kwao. Kapiga simu ndani ya dakika moja kunishawishi.

#42 Mhasibu Mkimya
😂😂 Sina la kuongeza.

#43 DaktariMchanga
Mwanakwetu, mambo mawili kabla hamjaamua.

Moja, sentimita 2.8. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa SHAPE, wanawake 700, ukionyesha kuwa wenye uvimbe usiozidi sentimita 2 na wenye sifa nyingine nzuri wanaweza kutolewa kizazi kwa njia nyepesi badala ya ule upasuaji mpana. Kurudi kwenye nyonga kwa miaka mitatu kulikuwa asilimia 2.52 kwa 2.17. Wengi mle walifanyiwa kwa matundu, na wakala anaweza kukutolea huo kama hoja. Dada yako yuko juu ya kipimo hicho.

Pili, muulize bingwa kuhusu mionzi pamoja na dawa. Kwa hatua hii nayo ni tiba kamili, siyo ya waliokatiwa tamaa. Faida ya upasuaji kwa mtu wa miaka 44 ni kwamba vifuko vya mayai mara nyingi vinaachwa, hedhi haikomi ghafla. Mionzi inaviua. Kibaya ni kupasuliwa halafu ukaongezewa mionzi juu yake, maana madhara yanarundikana, kwa hiyo wahakikishe mitoki imeangaliwa vizuri kabla.

#44 Shemeji Mtata
Baada ya upasuaji mambo ya nyumbani yanaanza lini? Msinicheke.

#45 NesiUghaibuni
Swali zuri, wengi wanaona haya. Si chini ya wiki sita hadi nane, na mpaka daktari akague. Mshono wa juu ya uke kufumuka hutokea zaidi kwa roboti na matundu kuliko kwa kufungua, na aliyefumuka utumbo unaweza kuchungulia. Shemeji vumilia.

#46 Shemeji Mtata
Nimevumilia tayari.

#47 Sista wa Ocean Road
Nimepita kimyakimya muda wote, nifunguke. Nafanya kazi na wagonjwa wa saratani. Tanzania wanawake zaidi ya 10,000 kwa mwaka wanagundulika na saratani ya mlango wa kizazi, na wengi tunaowapokea ugonjwa umeshavuka mlango. Hao hakuna wa kufungua wala wa roboti, ni mionzi na dawa moja kwa moja. Huu ubishi wa chuma na gesi ni anasa ya waliowahi. Dada wa Mwanakwetu aligundulikaje?

#48 Mwanakwetu wa Pangani
Alimsindikiza jirani kliniki, wakamwambia na yeye apakwe siki, kile kipimo cha kuangalia mlango wa kizazi, bure. Hakuwa anaumwa chochote.

#49 Sista wa Ocean Road
Basi mshukuruni huyo jirani. Na wenye mabinti wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya kuzuia saratani hii ni dozi moja tangu 2024, hailipiwi.

#50 Jemedari wa Bunju
Hiyo chanjo si ndiyo inaharibu uzazi?

#51 Mzee Kipara
Mods, kuna mtu huku.

#52 Sista wa Ocean Road
Jemedari, wa kwangu wawili wamechanjwa. Ilianza kutolewa nchi nzima 2018, mabinti wa kwanza wameshaolewa na wanazaa. Lete lingine.

#53 Mwanakwetu wa Pangani
Kikao cha familia kimekaa. Mama anataka hapahapa, kaka mkubwa bado anataka India kwa sababu keshaahidi watu. Tumekubaliana dada aende kwanza kupata maoni ya bingwa wa pili wa saratani za wanawake, hapa nchini, na kinyama kikasomwe upya. Yeye mwenyewe anasema kovu halimsumbui, kinachomsumbua ni maneno mengi. Asanteni wote, nitaleta mrejesho.

#54 Dawa ya Moto
Kila la heri. Ila mrejesho usipotaja gesi nitaudai.

#55 NesiUghaibuni
Chuma, Dawa. Chuma.

#56 Fundi Umeme
Na hii roboti, ngiri inafanya?

#57 Kigoda
Fungua uzi wako, Fundi. Tutahamishia kambi.